Bamba la Jiko la Bibi Zuurakan

Hebu mwone anavyokuja. Mwanamke mfupi, mpana, makoti mawili moja juu ya jingine, viatu vya sufu nzito vinavyomfika magotini, na kitambaa kimemzunguka uso mpaka macho tu ndiyo yanayosalimia watu. Anaburuta kijigari kisicho na magurudumu, kile cha kuteleza juu ya theluji, na juu yake kuna gunia la makaa ya mawe lililofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Pumzi yake imegandia kwenye nyusi, nyeupe pe, kiasi kwamba mgeni angedhani ni ajuza mwenyewe anayehitaji kusaidiwa. Mngoje akaribie. Utamsikia anagombana na kile kijigari: "Njoo basi, punda wewe! Au unataka nikubebe mimi?"

Huyo ndiye Burulcha. Kijiji chetu kiko mwisho wa bonde la At-Bashy, mahali ambapo barabara inachoka na mlima unaanza, na kazi ya Burulcha ni wazee wanaoishi peke yao. Baraza la kijiji lina jina refu la kazi hiyo, sijui kama kuna anayelikumbuka. Sisi tunasema "Burulcha wa wazee" na mambo yanaishia hapo. Anawasha majiko, anamwaga majivu, anateka maji kwenye bomba la barabarani kabla halijaganda, anakata kucha za miguu, na anasikiliza habari ya yule fahali aliyeibwa, habari ileile, mpaka mwisho, kila wiki, na bado anauliza, "Ehe, halafu wakafanyaje?"

Aliletwa hapa akiwa bibi arusi. Leo ana wajukuu, lakini kwa wazee bado ni mkamwana, maana karibu wote wana undugu na mumewe. Na mkamwana kwetu halitamki jina la mkubwa wa upande wa mume. Halitamki sokoni, halitamki akiwa na hasira, halitamki hata akiwa peke yake anakanda unga. Kwa hiyo nikikuambia kwamba katika wazee wake wote aliyempa kazi zaidi ni Bibi Zuurakan, shangazi wa mumewe, ujue jina hilo nimelitaja mimi. Burulcha alimwita Apa, yaani mama, na miaka yote hiyo lile jina halikuwahi kupita midomoni mwake.

Bibi Zuurakan alikaa nyumba ya mwisho kabla ya mto. Nyumba ya udongo, ndefu, yenye nyufa ambazo upepo ulizijua moja moja. Majira ya baridi yaliyopita maji yaliganda ndani ya ndoo pembeni ya jiko, na magoti ya bibi yakavimba akawa anatambaa kwenda kuongeza samadi kavu motoni. Mwanawe aliye mjini alitaka kumchukua. Akakataa. "Ghorofa la nne? Nikakae juu kama kunguru? Nani atanitembelea huko, mawingu?"

Basi vuli hii Burulcha akaita watu. Kwetu kazi ya pamoja haiitishwi mara mbili. Unachinja kondoo, unachemsha chai, watu wanakuja na vifaa vyao. Walikuja. Wakabandika karatasi kwenye viungo vyote vya madirisha kwa uji mzito wa unga. Wakagongomea sufu iliyoshindiliwa kwenye fremu ya mlango. Estebes, jirani, fundi wa kila kitu na bingwa wa maneno, akatandaza nailoni nje ya madirisha, halafu akaona kitundu kwenye ukuta, chini karibu na sakafu, ambacho paka alikuwa akipitia.

"Na hiki?" akauliza.

"Kizibe," Burulcha akasema. "Hapo ndipo upepo unapomng'ata miguu."

"Na paka?"

"Paka atabisha hodi kama watu wengine."

Wakacheka, wakaziba kwa matambara na udongo. Jioni hiyo bibi aliketi na mgongo wake ukiegemea ukuta, akahisi ukuta hauna ubaridi, akainua viganja akawaombea dua ndefu hata nyama ikapoa. Burulcha alirudi nyumbani kwake akijisikia mrefu.

Sasa, kuna jambo moja la kazi yake lazima ulijue. Kila asubuhi, kabla hajaingia nyumba yoyote, hupanda kilima kidogo nyuma ya shule na kuangalia dohani. Moshi ukipanda, mzee ameamka, amewasha, yu hai. Dohani ikikaa kimya, Burulcha anaanzia hapo. Ndivyo alivyompata mzee mmoja aliyeanguka zizini, na mwingine aliyelala na homa. Watu walimtania kwamba anasoma moshi kama wengine wanavyosoma gazeti.

Lakini tangu nyumba ya mwisho ilipozibwa, dohani yake ilichelewa kutoa moshi. Joto la usiku lilikaa mle ndani hadi jua liwe juu, na bibi hakuwa na haraka ya kuwasha. Mara ya kwanza Burulcha alikimbia mpaka mtoni akamkuta bibi anakunywa chai, kalegeza vifungo vya kizibao. "Mkamwana, unahema nini? Umefukuzwa na mbwa mwitu?" Mara ya pili akatembea. Baada ya hapo akazoea. Ile dohani kimya ikawa kwake habari njema: Apa ana joto.

Asubuhi ninayokusimulia ilikuwa katikati ya zile siku arobaini za baridi kuu. Usiku theluji ilikuwa imeanguka, kisha mbingu ikafunguka na baridi ikashuka yote kwa pamoja. Chuma kilinata kwenye kidole. Burulcha alisimama kilimani, akaona moshi umesimama juu ya kila nyumba, wima, kama vigingi. Nyumba ya mwisho, kimya. Akatabasamu ndani ya kitambaa chake, akashuka kwenda kwa Mzee Kasimali.

Mzee Kasimali alimpokea akiwa ameketi na sahani ya mikate mbele yake. Ni mtu wa kusema sana, hasa kwa vile masikio yake hayamletei majibu.

"Mkamwana! Umechelewa, nimeshakufa mara mbili."

"Na mara zote mbili umefufuka una njaa," Burulcha akasema kwa sauti kubwa, huku akipiga magoti kuchota majivu.

"Jana nilikwenda kule mtoni kwa bibi yenu. Nyumba ile! Hamamu! Nikavua kofia. Nikavua koti. Ningekuwa kijana ningetoroka kwa aibu."

"Tuliifanyia kazi."

"Ameniambia siri yake pia. Anasema mnamletea makaa mazuri halafu nusu ya joto linapanda dohanini kwenda kuwapasha malaika. Basi yeye akishakula chakula cha jioni, makaa yakiwa bado mekundu, anasukuma bamba. Anafunga kabisa. Joto lote linabaki kwake. Nikamwambia, wewe ungekuwa waziri."

Koleo la majivu lilisimama hewani.

Kila jiko kwetu lina bamba hilo, kipande cha chuma kinachosukumwa kwenye shingo ya dohani. Moto ukishakufa kabisa, unalisukuma ndani ili baridi isishuke. Ukilisukuma makaa yangali mekundu, kinachotoka kwenye makaa hayo kinabaki chumbani na wewe. Hakina harufu, ila kinaua. Hakiwashi macho. Katika nyumba yenye nyufa kinatafuta pa kutokea. Burulcha aliziona nyufa zote za nyumba ya mwisho, moja baada ya nyingine, na mikono yake mwenyewe ikiziziba.

"Baba," akasema, "lini? Alianza lini kufunga?"

"Eh?"

"Bamba! Analifunga tangu lini?"

"Tangu mlipomaliza kuziba, nadhani. Lakini jana alikuwa na kichwa kinamuuma, akasema atalala mapema, basi…"

Burulcha alikuwa ameshasimama. Mzee akanyanyua mkate kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi? Onja mkate! Hutoki nyumbani kwangu bila kuonja!"

Na hapa, wewe usiye wa kwetu utasema angekimbia tu. Lakini kuugeuzia mkate mgongo ni kumwachia mwenye nyumba mkosi mlangoni, na mzee wa watu alikuwa ananyoosha mikono inayotetemeka. Burulcha akarudi. Akamega, akatia mdomoni, ukamkwama kooni, akatoka nao hivyo hivyo. Kijigari akakiacha uani. Hakufunga hata mlango, na nyuma yake akasikia, "Baridi, mkamwana! Baridi inaingia!"

Njia ya kwenda mtoni haikuwa na alama ya mguu. Theluji ilimfika mapajani. Alikimbia kama mtu anavyokimbia ndotoni, mwili unakwenda mbele na miguu inabaki. Akipita nyumba ya Estebes akapiga ukelele, hakumbuki alisema nini. Estebes alitoka na fulana, kikombe mkononi.

"Kuna nini, moto?"

"Mtaimbo! Leta mtaimbo!"

Mlango wa bibi ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Burulcha akaupiga kwa ngumi, akaupiga kwa bega. Ile sufu waliyoigongomea ilinyonya kila kishindo, mlango ukawa unapigika kama mto wa kulalia. "Apa! Apa, fungua!" Akakimbilia dirishani: nailoni, na nyuma ya nailoni barafu, na nyuma ya barafu hakuna kinachoonekana. Akachana nailoni kwa meno.

Estebes alifika amevaa koti juu ya fulana. "Ngoja, usivunje kioo, kioo siku hizi hakipatikani, tutamwachia baridi…"

Burulcha akauchukua mtaimbo mkononi mwa Estebes akavunja kioo. Akavunja na cha pili, cha ndani. Hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu, laini, nzuri kabisa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Estebes aling'oa mlango. Chumba kilikuwa nadhifu. Birika juu ya jiko, slipa zimepangwa. Bibi Zuurakan amelala juu ya magodoro yake kando ya jiko, blanketi hadi kidevuni, na mashavu yake mekundu kama ya msichana aliyetoka kucheza ngoma.

"Ah," Estebes akashusha pumzi, "mtazame alivyonawiri. Amelala tu. Umetutia hasara ya vioo, dada."

"Rangi hiyo si ya kulala. Shika miguu."

"Unampeleka wapi?"

"Nje."

"Nje? Kwenye baridi hii? Utamuua, wewe!"

"Estebes, shika miguu!"

Wakamtoa na godoro lake, wakamlaza kwenye theluji mbele ya mlango. Burulcha akavua koti lake la juu, lile la ngozi ya kondoo, akamfunika, akamvisha kofia yake, akaacha uso tu wazi kwa hewa. Kifua cha bibi kilipanda. Halafu kikakaa. Halafu, baada ya kitambo, Burulcha ameshaanza kulia, kikapanda tena.

"Nenda kawashe gari lako," akamwambia Estebes. "Mwite na mkeo."

Akabaki peke yake na yule bibi. Akavua glavu kwa meno, akapiga simu hospitali ya wilaya. Muuguzi aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyekesha. Burulcha akaeleza: jiko, bamba, nyumba ya mwisho kabla ya mto.

"Gari linatoka sasa hivi. Jina la mgonjwa?"

"Ni Apa."

"Apa gani, dada? Wilaya nzima ina maapa."

"Shangazi wa mume wangu."

"Nauliza jina."

Burulcha akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Muuguzi naye ni wa hukuhuku, ameolewa hukuhuku, akaelewa.

"Haya, jina tutalipata. Anakusikia?"

"Hapana. Namwita, haitiki."

"Unamwitaje?"

"Apa."

"Sikiliza. Usimwache azame. Msugue mikono, mpige mashavu, na umwite kwa jina lake. Siyo apa. Apa ni kila mtu. Jina lake, lile aliloitwa na mama yake."

Simu ikakatika, au yeye aliikata. Akainama. "Apa," akasema kwenye sikio la bibi. "Apa, ni mimi." Mashavu yakabaki yaleyale mekundu, macho mstari mwembamba mweupe. Kifua kikapanda, kikakaa. Safari hii kilikaa sana.

Akatazama huku na huku kama mwizi. Mto, miti ya mipopla isiyo na majani, paka juu ya ukuta.

"Zuurakan," akanong'ona.

Kifua bado kimekaa.

"Zuurakan!" Akampiga shavu. Akampiga la pili. "We Zuurakan! Amka! Zuurakan, unanisikia? Usinifanyie hivi, we mwanamke mkaidi, Zuurakan!"

Aliita mpaka milima ikarudisha. Mke wa Estebes, aliyekuwa anakuja mbio na bakuli la maziwa ya mgando, dawa yetu ya sumu ya jiko, alisimama njiani kinywa wazi. Alisema baadaye alijua kuna kifo, kwa sababu hajawahi kusikia mkamwana anaita hivyo isipokuwa kwenye hadithi za kuchekesha.

Kisha kope zikatikisika. Bibi akakohoa, akatapika kidogo kwenye ngozi ya kondoo, akavuta hewa kwa mlio mbaya, mlio mzuri kuliko yote. Na midomo ikachezacheza. Burulcha akatega sikio.

"Nani huyo," bibi akasema, "ananiita kama rika lake?"

Hospitali walimweka kwenye oksijeni, wakamkalisha kwa siku kadhaa. Mwanawe akapiga simu kutoka mjini, akalia, akasema anakuja, lakini njia ya mlimani ilikuwa imefungwa na theluji. Daktari akaahidi kifaa kidogo cha kutundika ukutani, kinachopiga kelele hewa ikichafuka. Nacho kitakuja njia ikifunguka. Bibi akaombwa akakae kwa Burulcha. Akasema yeye ana nyumba. Akaombwa akakae kwa Estebes. Akasema Estebes anaongea sana.

Siku aliyorudishwa, vioo vipya vilikuwa mahali pake. Kitundu cha paka kilikuwa kimefunguliwa, na Estebes alikuwa ametoboa kingine juu, karibu na dari. Burulcha aliwasha jiko tangu asubuhi. Bibi akaketi, akaegemea ukuta wake. Akaisikia ile hewa nyembamba inayotembea sakafuni. Akavuta miguu chini ya blanketi.

"Vizuri," akasema. "Imerudi nyumba yangu ya zamani."

"Nitakuwa nakuja asubuhi na jioni, Apa."

"Apa? Siku hizi si tunaitana majina?"

Burulcha akainamisha uso, masikio yanawaka. Bibi akamwacha aive kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa akatazama shingo ya dohani. Palipokuwa na bamba palikuwa na mwanya mwembamba mweusi.

"Bamba langu liko wapi?"

"Nimelichukua."

"Limevunjika?"

"Hapana."

"Basi lirudishe."

"Kile kifaa kikifika nitalirudisha, Apa. Mpaka hapo, moto ukifa joto litatoka, najua. Nitaleta makaa zaidi. Nitaleta blanketi langu."

"Na alfajiri? Ndoo ikiganda, utakuwepo?"

Burulcha akauvuta mkoba wake karibu.

"Sikia, mkamwana." Sauti ya bibi haikuwa na mzaha tena. "Wiki zile nilitembea. Unaniona? Nilikwenda chooni kwa miguu yangu, nimesimama, kama binadamu. Nilisahau kwamba nina magoti. Mimi najua sasa bamba linafanya nini, nani ajuaye kuliko mimi? Nitasubiri makaa yazime. Nakuapia kwa mkate. Unaniona mimi mtoto?"

"Na ukipitiwa na usingizi kabla hayajazima? Mimi ndiye niliyeziba nyumba hii."

"Na mimi ndiye ninayeishi humo."

Nje jua lilikuwa limeshagusa mlima, na ule ubaridi wa jioni ulianza kushuka, unausikia kwenye meno kabla ya kuusikia kwenye ngozi. Bibi akanyoosha mkono, kiganja juu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, akangoja. Bamba lilikuwa kwenye mkoba wa Burulcha, limefungwa kwenye kitambaa cha meza, na Burulcha alikuwa ameshafungua zipu nusu.

Nami nakuuliza wewe uliyenisikiliza hadi hapa: mkoba huo ungekuwa wako, ungeufungua wote, au ungeufunga ukatoka?